Matumbawe Matatu na Mama Mkwe

Jumamosi, 7 Agosti 2004. Kitengela.

Nimebadilisha maji ya tangi la samaki tena. Ndoo mbili za maji ya mvua niliyokinga Mei, na chumvi ya bahari ya paketi. Maji ya kisima hapa nayo yana chumvi, lakini si ile. Nilishaua samaki kwa ubishi huo.

Mchana matumbawe yamefika kutoka kwa muuzaji wa Nairobi. Majina yake ni uyoga, ngozi na nyota za kijani. Wanyama wasio na miguu, kila mmoja na kajiwe kake. Muuzaji anasema ni ya wanaoanza, hata mvivu atayaweza. Mimi si mvivu, hilo ndilo tatizo. Nimeyapanga yote juu, karibu na taa, nifaidi rangi. Mke wangu Nekesa ametazama, akasema haya yakifa kama yale ya Krismasi, tangi litoke sebuleni, kabati la vyombo liingie. Nekesa hatishi bure.

Jumapili, 8 Agosti.

Uyoga umejikunja. Nimeusogeza kushoto. Kisha kulia. Baada ya kanisa nikaurudisha. Shule ninakofanya kazi imefungwa, na maabara yangu kule Kajiado imefungwa nayo. Mikono haina kazi.

Jumanne, 10 Agosti.

Mama yake Nekesa amekuja kutibiwa macho. Wiki mbili. Kwetu Wabukusu mkwe na mama mkwe hawaketi chumba kimoja, hawapeani mkono, hawalali chini ya paa moja. Nyumba yenyewe ni chumba cha kulala, sebule, na jikoni kwa nyuma. Basi nimehamia kwa jirani yangu Parsaloi. Wapangaji wa ploti nzima wamecheka isipokuwa yeye. Kwa Wamaasai pia mkwe hukaa mbali.

Mama ameketishwa sebuleni. Kando ya tangi. Nimetaka kulia.

Alhamisi, 12 Agosti.

Nimeingia jikoni kwa mlango wa nyuma, nikachungulia kwenye pazia kama mwizi wa kuku. Ngozi imelala upande. Nyota zimefunga. Uyoga umepauka. Nimemtuma Nekesa asogeze nyota kulia, inchi nne. Amesogeza ngozi. Kushoto. Nimemfokea. Kosa ni langu, lakini sasa hataki kutia mkono tena.

Jumamosi, 14 Agosti.

Nimetembea hadi barabara ya Namanga na kurudi, mara tatu. Parsaloi amenishauri nitulie kitako. Nimeketi. Nimesimama. Yule mama sina ubaya naye, ila leo nimeomba macho yake yapone haraka kwa sababu zangu mwenyewe. Naandika hivyo kwa kuwa ni kweli.

Jumanne, 17 Agosti.

Nekesa alikuwa ameenda dukani. Mimi jikoni, nyuma ya pazia, nachuja maji. Mama sebuleni, jicho moja limefungwa bandeji. Akaanza kuongea na tangi, kwa sauti ya kufika jikoni. Ndivyo mama mkwe anavyosema na mkwe: kupitia kuku, kupitia mvua, kupitia chochote kilicho karibu.

"Nyinyi wa maji," akasema, "mulitolewa kwa kitalu mukawekwa jua kali siku ya kwanza. Hata miche ya sukuma inakauka hivo. Na kila siku munang'olewa. Mutashika mizizi saa ngapi?"

Miaka kumi na moja kwenye maabara, na sikuliona hilo. Aibu imenipanda hadi masikioni. Nikaiambia ndoo:

"Hiyo uyoga ingekaa chini kabisa, kwa kivuli. Ngozi katikati. Nyota peke yake, juu ya jiwe lake, maana hiyo inatambaa inafunika wengine."

"Kama viazi tamu," tangi likaambiwa.

Nikasikia mkono ukiingia majini, polepole.

Ijumaa, 20 Agosti.

Hakuna aliyegusa kitu. Nekesa anasema mama amesogeza kiti chake mbele ya tangi kabisa, na hata yeye mwenye nyumba haruhusiwi kupita. Nimechungulia mara tisa. Uyoga unaanza kujikunjua pembeni. Au ni macho yangu. Siwezi kula.

Jumapili, 22 Agosti.

Nyota zimefunguka, kama nusu hivi. Ngozi imesimama. Nekesa amesema, bila kunitazama, kwamba kabati la vyombo linaweza kutoshea jikoni. Nimeosha sufuria zote bila kuambiwa.

Jumanne, 24 Agosti.

Mama amesafiri asubuhi. Nimekaa kwa Parsaloi hadi teksi ilipoondoka. Sikumuaga, wala haifai. Imeniuma.

Jumatano, 25 Agosti.

Jioni simu imelia. Namba ya shemeji yangu. Nikaitika, kumbe ni mama. Miaka saba ya ndoa hatujawahi kusemezana moja kwa moja. Sijui kama simu ina mwiko, wazee hawakuifikiria.

"Mulembe," akanisalimu. Nikaitikia. Akauliza, "Hao walifunguka?"

Nikamwambia ndiyo, wote watatu. Akauliza yule wa kivulini. Nikamwambia ametanuka kama kisosi, na rangi imerudi, ya samawati.   Hakuna aliyekata. Simu ikajikata yenyewe, salio lake lilipoisha.