Dawa ya Mbuzi, Mwili wa Dada

Jumatatu, 3 Februari
Ubishi tena msikitini baada ya adhuhuri. Jamaa mmoja anasifu dawa ya minyoo ya farasi, eti inatibu kila kitu. Nikamuuliza kama anakula na nyasi. Watu wakacheka, yeye hakucheka. Nimeshinda. Nimechoka kushinda.

Jumanne, 4 Februari
Nimeandika makala kuhusu wanaojinywesha dawa za mifugo. Kali. Nimewaita wajinga waliovaa viatu. Nikaituma kwenye WhatsApp ya ukoo. Dada Halima, mkubwa wangu, hajui kusoma. Alisomewa na binti yake. Akanitumia sauti: "Bwana mwandishi, mdomo wako unauma kuliko huu upele wangu." Wiki ya tatu anajikuna. Miadi ya daktari bado. Nilicheka, nikaendelea na mambo yangu.

Alhamisi, 6 Februari
Dada ameanguka jikoni kwake, mtaa wa Small Heath, huku ughaibuni. Haoni vizuri. Anapepesuka, maneno hayaungani. Hospitalini daktari aliuliza mara tatu amekunywa nini.
"Chai," alisema dada.
Kila mara aliniangalia mimi kwanza.

Ijumaa, 7 Februari
Analala tu, haamki vizuri. Madaktari wanatafuta kiharusi, hawakioni. Zamzam, binti yake, alinivuta kando. "Uncle, promise hutam-shout." Akatoa chupa mkobani: dawa ya minyoo ya mbuzi, ya sindano, aliyoletewa dada kutoka Garissa.

Dada alichunga miaka ishirini. Alimpima mbuzi mwenye upele kwa jicho, bila mizani, akampa dawa hiyohiyo. Hakukosea. Basi akajitazama kwenye kioo, akajipima: mbuzi wakubwa wawili na nusu. Akanywa. Mwasho haukukoma. Akanywa tena siku ya pili, na ya tatu.

Angemwambia daktari. Makala yangu ilimfunga mdomo. Zamzam anasema alihofia nitamwandika.

Nilimpelekea daktari chupa. Sijawahi kuchukia sentensi zangu hivi.

Jumapili, 9 Februari
Hakuna dawa ya kuiondoa ile dawa. Wanamtia maji, wanalinda pumzi yake, wanangoja mwili uitoe wenyewe. Na mimi nangoja. Ukoo unauliza kulikoni. Makala nimeifuta. Haisaidii, wote walishaisoma.

Jumatano, 12 Februari
Amefumbua macho, akanitambua.
"Umeshaniandika?"
"Sijakuandika, dada."
"Andika. Lakini useme ukweli: mbuzi wangu hakufa hata mmoja."
Zamzam alicheka mpaka nesi akaja. Mimi nilitoka nje ya wodi. Nililia kwenye ngazi, mtu mzima, mbele ya watu wanaopita na chai zao.

Jumamosi, 15 Februari
Dada yuko nyumbani. Vitu vya mbali bado anaviona kwa ukungu. Hospitali wamempa krimu ya upele. Alinikabidhi boksi, akakunja miguu kwenye kochi. Nikamsomea maelekezo kwa Kiswahili, polepole. Kuanzia shingoni hadi nyayoni. Watu wote wa nyumba, siku moja. Kila sentensi alikuwa na swali. Nilijibu maswali. Sikuongeza neno langu.

Akaniambia nisome tena tangu mwanzo. Nikasoma.