Mashine kubwa, kamba ndefu

Alhamisi. Asubuhi ukungu ulikuwa mzito, kisha jua likatoka ghafla, jua zuri la kuanika. Zamani jua la namna hii lilinifurahisha.

Ninaandika kwenye kompyuta ya ofisi, mlango ukiwa wazi ili nimwone kila anayepanda ngazi. Mimi ni karani wa kituo kidogo cha umeme hapa Kalembe. Mto unazungusha turbine, turbine inawasha nyumba za karibu, nami ninaandika nani amelipa na nani akatiwe. Ni kazi ya kukaa. Wiki hii siwezi kukaa.

Naogopa. Nimeona niliandike neno hilo peke yake kwanza, ili lisiendelee kunisukuma kutoka ndani.

Nitaeleza tangu mwanzo, kwa mtu asiyetujua. Majina nimeyabadili.

Nyumba yetu iko juu ya kilima, inatazamana na barabara. Tulikuwa watu wa kawaida wa nyumba: Papa, Mama, mimi, wadogo zangu. Kisha mdogo wake Mama, ambaye sote tunamwita Mama Mudogo, akakimbia kutoka upande wa Nyamitaba na watoto wake wote, milio ya bunduki ikiwa nyuma yao. Hakuna aliyejadili kama watakaa. Wakaketi, wakala, wakalala. Kesho yake nguo chafu zikajaa mlangoni.

Na alikuwepo mtu mwingine mmoja, ambaye hakuna aliyepaswa kujua kuwa yupo.

Kaka yangu Moïse alikwenda Omate kuchimba dhahabu. Huko wakaja watu wenye silaha, wakawafanya wachimbaji kuwa mali yao. Unachimba, wanachukua. Unachoka, wanakupiga. Moïse alitoroka akiwa na bega moja lisiloinuka na kikohozi cha mashimoni. Alifika nyumbani kupitia msituni, akaingia chumba cha nyuma, na tangu siku hiyo hakutoka. Kwa majirani, Moïse bado yuko Omate. Mama alikuwa akiulizwa kanisani, "Moïse anakutumiaka habari?" naye anajibu, "Kule rezo ya simu hakuna, dada." Halafu anarudi nyumbani kumpikia.

Tulikuwa na mashine ndogo ya kufulia, ile ya matundu mawili, moja la kufua, moja la kukamua. Nguo za Moïse ndizo zilizoiua. Mama alizitia humo kwa haraka ya kuzificha, na udongo wa Omate una mchanga usioisha hata ukung'ute mpaka mkono uume. Mashine ikakoroma, ikatoa harufu ya kuungua, ikanyamaza.

Mama akasema sasa inatakiwa kubwa. Inayokula mablanketi na mashuka ya nyumba nzima kwa mara moja.

Papa ni mkatekista, hapendi kelele. Lakini ili kuipata ile mashine ilibidi auze ng'ombe, na siku hiyo alipaza sauti.

"Mama Moïse, ngombe unakimbia naye. Unamupiga fimbo, anatangulia. Ile mashini, siku ya kukimbia, utaipiga fimbo?"

"Sitakimbia tena," Mama akasema. "Nimekimbia tangu ningali musichana. Nataka mu nyumba yangu kitu kimoja chenye hakiwezi kukimbia."

Papa akatoka kwenda zizini. Kesho yake alimfungua ng'ombe.

Mashine ililetwa na Fuso mpaka barabarani, kisha vijana wakaipandisha kwa chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kusukuma mizigo, wawili wakivuta, wengine wakisukuma, gurudumu la mbao likilia kilima kizima. Watu walitoka nje kuona.

"Mama, hii iko mashini ao iko nyumba?"

"Munafungua hoteli?"

"Muache nasi tutie bwana yangu ndani, labda atatoka mupya!"

Mama alicheka na kila mmoja. Alikuwa mzuri siku ile, na kitambaa chake kipya kichwani. Mimi nilisimama kando, nikitamani wasitazame sana. Kitu kikubwa cheupe kikipanda kilima chetu mchana, kila mtu wa bonde alikiona. Na wapo wanaoishi juu zaidi ya sisi, karibu na msitu, wenye bunduki. Hatuwataji kwa jina. Tunasema tu "wenyewe". Nao wana macho.

Fundi wetu, Papa Bahati, alikuja kuunganisha waya. Akasema tuiwashe mchana tu, na isikutane na kinu cha kusaga mihogo. Ni kweli. Ikianza kukamua, balbu za majirani zinafifia. Maana yake, nyumba zote zinajua saa tunayofua.

Hata hilo si jambo lililotuponza. Kilichotuponza ni kamba.

Hapa kwetu nguo zinasomwa. Hakuna anayefundisha darasani, lakini kila mwanamke anajua. Anayepita barabarani anaangalia kamba yako na anaona kila kitu: hapa kuna mtoto mchanga, hapa kuna mgeni, hapa kuna kijana mwenye nguvu. Wenyewe wanapotafuta watu wa kubeba mizigo au watu wa salongo, ile kazi ya lazima ya kuwalimia na kuwajengea, hawana haja ya kubisha mlango. Wanasoma kamba. Ndiyo maana wanawake wa hapa wanafua kidogo kidogo. Nguo za watoto mbele. Nguo za wanaume nyuma ya nyumba, kwenye majani, kila suruali siku yake. Mashine ndogo ilitusaidia kwa udogo wake. Ilitoa nguo chache, nasi tukazificha chache.

Mashine kubwa inazitoa zote kwa mara moja.

Jumatatu nilikuwa hapa ofisini. Mvua ilikuwa imekata baada ya siku nyingi. Mama alikwenda shambani, akamwachia Mama Mudogo mashine. Kule alikotoka Mama Mudogo nyumba zimefichwa na migomba, hazionekani kutoka barabarani, na baada ya miezi ya kufua kwa mikono nguo za watoto wake katika maji ya baridi, alikuwa na furaha kama mtu aliyepewa mikono mipya. Alijaza, akatoa, akajaza. Majani ya nyuma yalikuwa yangali na maji. Akafunga kamba mpya mbele, kutoka kwenye kona ya nyumba mpaka mti wa parachichi, akaanika.

Papa Bahati aliingia ofisini akifuta mikono.

"Dada, kwenu kuna ndoa?"

"Ndoa gani, Papa?"

"Toka uone. Kilima chenu kimevaa."

Nikatoka. Kutoka hapa chini nyumba yetu inaonekana wazi. Mashuka, mablanketi, vigauni, sare za shule, mashati ya Papa. Na katikati, ndefu kuliko nguo zote, suruali ya jinzi ya Moïse. Ina kiraka cha njano gotini. Mama alikitoa kwenye sare yake ya zamani ya koral, kwaya ya kanisa, na hakuna mtu wa parokia asiyekijua. Niliisoma familia yangu yote kutoka mita mia kadhaa, bila miwani.

Nikapanda kilima mbio, viatu mkononi. Nikaitoa suruali ikiwa bado na maji. Mama Mudogo akaniangalia, akaelewa, akaketi chini kwenye matope.

Ilikuwa imeshakaa pale asubuhi nzima.

Jumanne mapema, kabla sijatoka kwenda kazini, alikuja kijana mmoja. Nilimfahamu. Aliimba besi pamoja na Moïse, akala kwetu mara nyingi Jumapili baada ya misa. Sasa yuko na wenyewe. Alikuwa na koti refu, na sikutaka kujua kilichokuwa chini yake.

"Jambo, Mama. Munafula sana siku hizi."

"Tuko wengi, mutoto wangu."

"Njo naona. Ile suruali ya jana, ya kiraka, iko ya nani?"

Ndani ya nyumba mashine ilikuwa imeanza kukamua, ikitetemesha ukuta. Nyuma ya ukuta huo alikuwa Moïse na kikohozi chake. Sijui kama alikohoa. Kilichosikika ni mashine tu. Kwa mara ya kwanza niliipenda.

"Iko ya Papa," Mama akasema.

Yule kijana akacheka kwa adabu, mkono mdomoni. Papa ni mfupi, na tumbo lake linamtangulia.

"Papa akivaa ile, Mama, itamufikia mu shingo." Kisha akaacha kucheka. "Siku ya posho tuko na salongo kule juu. Mwenye suruali akuye. Nitapita miye mwenyewe kumuchukua."

"Nimekuambia iko ya Papa."

"Basi Papa akuye nayo mu mwili. Tutaona." Akageuka kwenda, akageuka tena. "Muiache pa kamba, Mama. Nikiona haiko, nitajua mwenyewe amesafiri, na sitangojea posho."

Akamsalimia Mama kwa mikono yote miwili, kama zamani.

Siku ya posho ni Jumamosi.

Tulikaa chumba cha nyuma sote, bila watoto. Moïse akasema atakwenda nao, ili sisi tuachwe. Mama akasema neno moja ambalo sijawahi kumsikia akilisema, nalo sitaliandika. Salongo ya wenyewe tunaijua. Mzee analima siku nzima na anarudi. Kijana haulizwi kama anataka kurudi. Anapewa mzigo, baadaye anapewa bunduki.

Jana, Jumatano, ilikuwa soko. Moïse aliondoka mchana wa jua kali, kati ya watu, akisukuma chukudu ya viazi kwa bega lake lililo zima, kofia ya Papa usoni. Jinzi tulikuwa tumeirudisha kwenye kamba, kwa hiyo alivaa suruali ya Papa. Ilimwishia juu ya vifundo vya miguu na kiunoni tuliifunga kwa kamba. Alijitazama, akacheka mpaka akakohoa. Tangu arudi kutoka Omate sikuwa nimemsikia akicheka. Mama alimkemea: "Nyamaza, unataka watu wakuye kuona sinema?" Naye Mama alikuwa anacheka, na machozi yalikuwa yanamshuka.

Sitaandika ameelekea wapi.

Leo asubuhi tulifua. Hapakuwa na nguo chafu za kutosha, lakini tulifua, kwa sababu suruali inayokaa kwenye kamba siku zote haina mtu ndani yake. Lazima itoke, lazima irudi imelowa. Mama aliiburuza kwanza kwenye matope ya nyuma ya jiko, magotini na matakoni, kama mtu aliyeketi na kupiga magoti. Kabla ya kuitia mashineni aliingiza mkono mfukoni, upande huu na upande huu, jinsi anavyofanya daima ili asifue pesa za Moïse. Hakukuwa na kitu. Akabaki na mkono ndani ya mfuko.

Mimi nilibonyeza kitufe.

Mashine ile imetengenezwa kwa familia kubwa. Suruali moja na nguo chache za watoto zinaanguka ndani yake kwa kishindo, zinazunguka, zinaanguka tena. Ilipofika kukamua, niliona balbu ya jirani ikififia kupitia dirisha. Nikajua kwamba huko juu nako wamejua. Tumefua. Mwenye suruali yupo.

Kwenye ukingo wa barabara amekaa mtu tangu jana, ana redio ndogo. Hauzi kitu. Hangojei gari. Nilipopita kuja kazini alinisalimia, "Dada, leo jua iko muzuri ya kuanika," nami nikajibu, "Ndiyo, kaka." Sauti yangu ilitoka ya mtoto.

Sasa niandike kile nilichokuwa nakizunguka tangu mstari wa kwanza.

Papa atakwenda.

Alisema mezani jana, baada ya sala, kana kwamba anatangaza ratiba ya misa. Mama alisema suruali ni yake, basi ni yake. Watamwona yuko nayo mwilini, na mtu hawezi kumwita Mama mwongo. Kesho jioni ikikauka, Mama ataifungua kiunoni na kuongeza kitambaa, na atapunguza miguu. Si kabla ya hapo, maana kwenye kamba lazima ibaki ndefu. Uzi tayari uko mezani. Papa amechagua wa njano, ulingane na kiraka.

Nilimuuliza, "Na wakijua, Papa?"

"Watajua," akasema. "Lakini watajua siku ya posho. Leo hawajue."

Basi hesabu yake ndiyo hiyo. Anamnunulia Moïse barabara, kwa mwili wake. Nami nimesoma, nina diploma ukutani, na tangu jana natafuta njia nyingine na sijaiona. Nikimzuia Papa, watamfuata Moïse. Nikinyamaza, ninamsaidia baba yangu kuvaa.

Nimenyamaza.

Nyumbani Mama bado anaipangusa mashine kwa kitambaa kila ikimaliza kazi, mpaka inang'aa. Haijakimbia. Alivyosema Mama ndivyo ilivyo: nzito, nyeupe, iko pale pale. Papa anaipita bila kuitazama.

Maandishi haya hayatatoka leo. Nitayaweka ndani ya kisanduku changu cha barua, na nitayachapisha siku nitakayosikia sauti ya Moïse kwenye simu, kutoka mahali ambapo hawamfikii. Kwa hiyo kama unayasoma, kaka yangu amefika. Hilo nakuahidi.

Ya Papa sijui. Ninapoandika hapa bado yuko nyumbani, anawafundisha watoto wa Mama Mudogo katekismu, na kutoka mlangoni mwa ofisi ninaiona suruali ikipepea juu ya kilima, miguu yote miwili ikienda mahali hewani.

Kesho ni Ijumaa. Tutafua.