Majina Ukutani mwa Zahanati

Kipawa, 3 Machi 1997

Mwanangu Felicitas,

Mama yako amepona mafua. Goti langu linauma kama kawaida. Wewe na mjukuu wangu Hope hamjambo?

Kaka yako Projestus ameniambia kuwa mtu ameingia kwenye kompyuta ya zahanati yenu, akabadilisha majibu ya damu ya wagonjwa. Eti wewe msimamizi wa kompyuta ulibandika ukutani majina ya kuingilia ya wafanyakazi wote. Nimetunza masjala miaka thelathini, sijawahi kubandika siri ukutani. Wakubwa wako wanataka ukiri kwa maandishi. Kiri.

Baba yako

Mbagala, 6 Machi 1997

Baba, shikamoo.

Hatujambo. Hope ameota jino.

Sitakiri. Nikikiri nafukuzwa, na mharibifu anabaki. Jina la kuingilia huchapwa chini ya kila karatasi ya majibu anayopewa mgonjwa. Ni kama namba ya nyumba. Kinachofungua ni neno la siri.

Mwanao

Kipawa, 10 Machi 1997

Mwanangu,

Tu wazima, namshukuru Mungu.

Kwa nini umwonyeshe mwizi nyumba? Mganga mkuu wenu amefanya vema kuwapa majina mapya ya kuingilia, yasiyobandikwa ukutani. Kikao ni Ijumaa; ukikiri huenda wakakusamehe, nawe una mtoto wa kulea. Usinibishie.

Baba yako

Mbagala, 14 Machi 1997

Baba, shikamoo. Hapa wote wazima.

Juzi mharibifu aliingia tena, kwa majina hayohayo mapya, maana nayo huchapwa kwenye majibu. Basi leo kikaoni niliomba kompyuta, nikamwomba muuguzi Auleria asimame.

“Huyu mnamwitaje?”

“Mama Asifiwe,” akasema mganga. “Nani asiyejua?”

Nikaandika jina lake la kuingilia, kisha Asifiwe penye neno la siri. Ikafunguka. Kwa Baba Gaspar wa maabara, hivyohivyo. Watu wakaanza kucheka.

“Na wewe, Baba Mashaka?” nikamuuliza mganga.

“Langu liache. Usiandike.”

Karibu wote wameweka jina la mtoto wa kwanza, tunaloitana nalo koridoni kutwa. Maneno yote ya siri yamebadilishwa, na sifukuzwi. Nimekiri kosa moja tu: sikuwafundisha kuyachagua.

Mwanao

Kipawa, 17 Machi 1997

Mwanangu,

Goti lina nafuu.

Nilikosea, nawe hukunitii. Yote mawili nayaandika kwa kuwa ni kweli.

Lakini hujaniambia habari za wagonjwa waliokwenda nyumbani na majibu ya uongo. Pengine wapo wanaomeza dawa zisizo zao. Msiwasubiri warudi. Chukua daftari la anwani, uwafuate mmoja mmoja.

Projestus anakuletea barua hii leo; kesho asubuhi mama yako atakuja kumchukua Hope. Mfungie nguo za wiki mbili.

Baba yako