Watamili Wawili wa Tunduma

Jumatatu, 20 Aprili 2009
Malori manne nimeyavusha mpaka wa Zambia kabla ya saa sita. La tano nyaraka hazijakaa sawa. Kesho litavuka, namjua ofisa. Baba kashinda akitengeneza mashine ya kusaga ya jirani, redio pembeni. Vita vya kwao, Sri Lanka, kati ya serikali na wapiganaji wa Kitamili, vimebanwa kwenye kipande cha ufukwe. Dada yake, Shangazi Vasanti, yumo humo. Wiki ya tatu hapatikani.

Alhamisi, 23 Aprili
Kumar, mtoto wa shangazi, kapiga kutoka Kanada. Watamili wa huko wameandamana, maelfu, wamefunga barabara. "Watamili mko wangapi Tunduma?" Nikamwambia wawili, na mimi ni nusu, mama alikuwa Mnyiha wa Mlowo. Hakucheka. Anatuma barua kwa mtandao, Baba aisaini.

Jumamosi, 25 Aprili
Barua inasema Watamili wote wako nyuma ya wapiganaji. Baba kavua miwani. "Hawa ndio waliomtoa Ravi darasani wakampa bunduki." Ravi ni mdogo wake Kumar. Hakusaini. Nimejivunia.

Jumapili, 26 Aprili
Tumeandika yetu. Pande zote mbili ziache kupigana, raia watoke. Mistari sita. Mchungaji karuhusu, nikaisoma baada ya ibada. Ukurasa ukajaa saini, tukageuza nyuma. Mzee Hamisi wa malori alisikia, akaja na kalamu yake kutoka msikitini. Kesho naituma Wizara ya Mambo ya Nje, nakala kwa Kumar.

Jumatano, 29 Aprili
Kumar kawaka. "Mjomba ametusaliti. Ravi alijitolea mwenyewe."
"Hakujitolea," nikamwambia. "Mama yako alituandikia. Wewe alikuficha."
Akakata simu. Nimemuumiza. Sijutii kusema kweli, najutia nilivyoisema.

Jumatatu, 18 Mei
Vita vimekwisha, redio imesema. Kuhusu shangazi, hakuna. Baba kafungua nati ileile mara tatu. Mimi nimegombana na madereva wasio na kosa. Naogopa.

Ijumaa, 12 Juni
Kumar kapiga asubuhi. Mama yake yuko kwenye kambi ya waliotolewa vitani, ndani ya senyenge, mzima. Ravi hajulikani alipo. Akaomba radhi kwa maneno yake ya siku ile. Nami nikaomba radhi.
Saa nane shangazi mwenyewe akapiga, simu ya kuazima. Baba aliishika kwa mikono miwili. Kitamili changu ni kidogo, lakini hili nimelielewa: hakutaja vita. Aliuliza kama huku kuna baridi. Baba akamweleza taratibu, ukungu, masweta, watu wanaota moto barabarani. Shangazi akawa anamwambia aendelee.