Maua ya Sebule ya Laila

Kwa Laila,
Amalemba, Kakamega.

Mwanangu Abdulmalik,

Assalaam alaikum. Nakusalimu wewe na mke wako Hasina, na wajukuu zangu wote hapo nyumbani Shianda. Kifua cha Bilal kimepona, ama bado mnamlaza karibu na moshi? Mimi sijambo, namshukuru Mwenyezi Mungu. Goti linauma lakini mdomo hauumi, kwa hivyo nisikilize. Nimeandika kwa mkono wangu, na haya maandishi yangu ya darasa la tatu, kwa sababu simu yangu siku hizi unakatanga nikianza tu kuuliza habari za shamba. Barua huwezi kunikatia. Kaa chini usome, na usiruke.

Tangu niletwe hapa kwa mjukuu wangu Laila nitibiwe goti, sina raha. Nyumba iko juu ghorofani. Natoka jikoni naenda dirishani, natoka dirishani narudi jikoni, kama kuku anayetafuta pa kutagia. Hakuna udongo wa kushika. Nikilala nawaza shamba. Siku niliyoondoka nilikuachia neno moja tu: mpaka wetu na Masinde usiguswe. Unajua vile kila msimu wa kulima jembe la Masinde huvuka kidogo upande wetu, na kinachomzuia ni ule mstari wa mimea niliyopanda na marehemu baba yako. Ukaniambia nitulie, shamba liko vile nililiacha. Nikajaribu kutulia, nikashindwa.

Laila alipochoka kuniona nazunguka, akasema, Kukhu, tununue maua ya ndani, upate cha kumwagilia. Kununua majani! Nikamuuliza kama pesa zinamwasha. Kwetu ukitaka ua unapita kwa jirani, unaomba kijiti, unakichomeka ardhini, basi. Lakini yeye alikuwa ameshaamua. Kilichobaki ni kununua wapi.

Hapo tukabishana kweli kweli. Kwanza alinipeleka supamaketi. Nikaona vijimea vimefungwa karatasi za kung'aa kama peremende. Nikabonyeza jani moja, likateleza kama sabuni, nikamwambia Laila hiki kilikufa zamani, ni vile tu hakijaambiwa. Msichana wa pale akanitazama vibaya, nami nikamtazama vibaya zaidi. Halafu Laila akasema kuna mwanamke wa Kisumu anauza kwa simu, unachagua picha, unaletewa. Nikakataa. Sijawahi kununua hata mbuzi kwa picha. Mwishowe nikamwambia kama ni lazima, twende pale penye udongo, tukaenda kwa mzee mmoja anaitwa Hezekiah, mwenye nasari ya miche kando ya barabara ya kwenda Mukumu.

Pale nilipumua. Samadi, maji, matope kwenye viatu. Nilifurahi hata nikasahau goti. Laila akaenda moja kwa moja nyuma, akachagua mimea mirefu iliyopandwa kwa vyungu vyeusi, akasema rafiki zake wote wanayo sebuleni. Nikaangalia, majani marefu kama ya mahindi. Nikacheka mpaka wateja wakageuka. Nikamuuliza humo sebuleni ni nani anagawana ardhi na nani, ni kochi na televisheni? Hezekiah naye akacheka, akaitaja mimea hiyo kwa jina la kizungu. Nikamwambia jina lake ni mpaka.

Halafu nikainama nishike shina moja, na kicheko kikaniisha.

Chini kwenye shina kulikuwa na ukanda wa kitambaa, umemezwa nusu na ganda. Kijani, na doa jekundu. Abdulmalik, hiyo ni leso niliyokubebea mgongoni. Ilipochakaa niliichana, nikaufunga kila mmea siku tuliyopanda, ili asitokee mtu kesho akasema ni wake. Nikageuza wa pili, kitambaa. Wa tatu, kitambaa.

Nikamuuliza Hezekiah, kwa upole, usidhani nilipiga kelele, mimea hii aliitoa wapi. Hakuficha, kwani yeye hana kosa. Akasema ililetwa kwa pikipiki na mtu wa Shianda, mrefu, mcheshi, ana pengo mbele. Mtu huyo alimwambia kwamba mama yake amehamia mjini, na kwamba yeye na jirani wameunganisha mashamba ili trekta ya miwa ipate pa kugeukia.

Usiape. Hilo pengo nalijua, nilikuwepo fahali alipokupiga.

Trekta itageuka, itaenda zake. Masinde je? Mwakani ukimuuliza shamba lako linaishia wapi, atakuonyesha mlango wa jikoni. Ulidhani amekupenda? Mimi sina karatasi ya maana, wala baba yako hayupo wa kunisemea. Shahidi wangu alikuwa mstari ule, nawe umeung'oa ukaupeleka kupamba sebule za watu.

Nimeichukua yote. Laila amelipa, na hata mmoja sikumwachia, amenuna mpaka leo. Ndiyo, mimi Hadijah nimenunua mpaka wangu mwenyewe kando ya barabara. Sitaki unirudishie kitu. Aibu hiyo kaa nayo.

Jumamosi nakuja. Hezekiah atanileta na pikapu yake, na mimea nyuma. Chimba mashimo palepale ulipong'oa, udongo bado ni laini, hutahangaika. Mwite mzee wa mtaa aje aone. Shimo la kona usiliguse, hilo nitachimba mimi, goti litake lisitake. Na ghorofani sirudi. Hasina anitandikie kitanda changu, na achinje ingokho, kuku mzima, kwa maana nikikasirika nakula sana.

Wasalimie watoto mmoja mmoja kwa majina. Masinde naye msalimie sana. Mwambie nakuja na maua.

Ni mimi mama yako,
Hadijah