Kipande Kidogo Kuliko Punje ya Mtama

Mama mkwe mpendwa, uliyelazwa kilimani karibu na Wundanyi,

Ninaomba kuwasilisha kwako jambo ambalo, ulipokuwa hai, sikuthubutu kulitamka.

Wakumbuka jioni tulizokaa jikoni mwako, nikikusomea barua nilizowaandikia majirani kwa chifu, kuhusu maji na kuhusu ndovu waliokanyaga mashamba. Shule niliiachia darasa la sita. Maneno yangu niliyaokota katika magazeti ya kufungia sukari. Ulikuwa ukinisimamisha: "Rudia pale pa unyenyekevu." Nami nilirudia, nikijiona wakili.

Ni jikoni humo ulimoniambia kwamba damu imerudi, miaka kumi baada ya hedhi yako kukoma. Ulifunika mdomo kwa leso, mabega yakitikisika kwa kicheko. "Mungu amenirudishia usichana," ulisema. "Usimwambie mumeo, atadhani namletea mdogo wake." Tulicheka hadi chai ikafurika motoni.

Baadaye niliona leso zako zimeanikwa nyuma ya zizi, mahali pasipopita mtu, na kila wiki zikizidi. Niliziona, nikanyamaza. Mkamwana hamhoji mama mkwe habari za mwili wake. Ndivyo nilivyolelewa, nami nikasema kunyamaza huko ni heshima. Ulikonda, ukafa. Watu walisema ni upungufu wa damu, wala hakuna aliyeuliza damu ilikwenda wapi.

Mwaka jana, nikiwa hapa Voi, damu ilinirudia mimi pia. Sikucheka. Kwa kuwa ulimi ulikataa, nilimwandikia daktari barua ya ukurasa mzima. Daktari huyo, binti wa rika la mwanangu, aliisoma yote hadi sahihi, akaikunja kwa adabu.

"Mama, umeandika vizuri sana," alisema. "Sasa niambie kwa mdomo. Inatoka tangu lini?"

Nikamwambia.

Aliingiza mrija mwembamba, akachukua kipande cha utando wa ndani ya mfuko wa uzazi. Iliniuma kama uchungu wa kuzaa uliofupishwa. Alinionyesha kipande hicho ndani ya chupa: kidogo kuliko punje ya mtama. Alinieleza kwamba mara nyingi damu ya namna hii hutokana na jambo dogo, lakini pasipo kipande hakuna ajuaye. Nilingoja majibu wiki tatu, nikimsihi Mungu kwa maneno ambayo sikuyapanga.

Siku ya majibu, mtaalamu wa maabara aliniruhusu nichungulie katika hadubini. Mama, niliona rangi ya waridi na zambarau, na viduara vimesongamana kama mahindi yaliyopandwa na mtu asiyepima hatua.

"Hivi vilipaswa kuachana," alisema. "Vimeanza kubadilika, lakini bado si saratani. Umewahi."

Mahali walipolala watoto wangu wanne, na kifo kilichokuwa kikijiandaa papo hapo, vyote vilikuwa vimelala juu ya kioo chembamba, na alikuwepo mtu wa kuvisoma. Nilivua viatu. Sijui kwa nini; hakuna aliyeniamuru.

Nilifanyiwa upasuaji, mfuko ukaondolewa, nao ukapimwa. Saratani haikuonekana.

Yako sijui ilikuwa nini. Hakuna aliyechukua kipande, na mimi niliyeona sikusema. Ninakuomba radhi, na sina hoja ya kujitetea. Barua hii naiacha wazi ili mkamwana mwingine, akiona nilichokiona, aulize, hata akikemewa.

Jumapili iliyopita nilitimiza umri uliokufa nao, na Jumatatu nikaupita. Nilikaa ukingoni mwa kitanda nikiutazama mwanga ukiingia dirishani, siku ambayo wewe hukuifikia. Sasa mimi ndiye mkubwa, Mama. Sijui hata inavyofaa nikuamkie.

Lala kwa amani.

Mimi, mkamwana wako,
mke wa mwanao wa mwisho