Kidari cha Posa ya Belinda

Iguguno,
Jumatatu.

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Ulemo, na kile kifua kimetulia. Sisi hatujambo. Alizeti imetoka vizuri, na wajukuu zako wanakula kama nzige. Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu wewe ukipokea simu unaweka spika, na jirani zako wote wanashiriki mazungumzo. Haya ni ya kwako peke yako.

Uliniuliza posa ya wifi yangu Belinda ilikwendaje. Ilikwenda salama, ila nusura ikose baba. Mama, baba mkwe, Mzee Mughwai, ameishiwa meno ya kutafunia, na hajamwambia mtu. Alianza kusema daktari kamkataza nyama kwa ajili ya presha, akajitenga kula peke yake, nami nikawa namwona mbwa ananenepa huku mzee anakonda. Wageni wa posa walipotaja siku yao, naye akatangaza kwamba siku hiyo ana safari ya Ikungi. Belinda alilia sana. Baba gani anakimbia posa ya binti yake? Mimi nilijua anachokikimbia. Ni kukaa sinia moja na wageni, nyama iko mbele yake, watu wanamtazama kinywa.

Sasa nani amwambie? Mama mkwe hayupo duniani. Mume wangu Peniel alisema yeye hana ubavu wa kumtajia baba yake meno. Mimi mkwe ndiyo kabisa, hata kumtazama akila siwezi. Tungempikia nyama ya kwake laini kama ya mtoto, angeelewa kwamba tumejua, na angeondoka alfajiri. Ikabidi iwe laini kwa wote.

Nikanunua kidari cha ng'ombe, kile ambacho mwenye bucha anauza bei ya chini kwa sababu watu wanaukimbia ugumu wake. Peniel akapasua pipa la zamani, tukaweka moto upande mmoja na nyama upande wa pili, tukatia vipande vya mkwaju vitoe moshi, tukafunika. Jumapili ya majaribio tuliharibu. Mchana mzee alikuwa ameshakaa anasubiri chakula, na wewe ulinilea nisimcheleweshee mkubwa chakula, basi nikaitoa. Rangi ilipendeza, lakini ndani ngumu vilevile. Mzee akasema ameshiba, akainuka. Niliumia, Mama.

Siku yenyewe Peniel alimwomba baba yake awapokee wageni tu, kisha awahi basi la jioni. Akakubali, begi lake likiwa mlangoni. Safari hii niliwasha kabla ya jogoo, moto mdogo, na nilijifanya siwasikii waliouliza chakula. Jirani yangu Asnath aliniuliza kama ile nyama naichoma au naitunza. Saa za alasiri nilipoigusa, ikachambuka yenyewe.

Mshenga wao, Mzee Laurenti, mwenye meno yote, alisema tangu azaliwe hajala nyama isiyomsumbua namna ile. Watu wakacheka, wakaendelea kuichambua kwa vidole. Baba mkwe akanyoosha mkono. Akanyoosha tena. Basi lilipopiga honi barabarani, alimtuma mtoto arudishe begi chumbani, na maneno ya kumkubalia Belinda akayasema mwenyewe.

Wageni walipoondoka alipita karibu na jiko, akasema, bila kuniangalia, kwamba presha imepungua. Nikamjibu kwamba tumshukuru Mungu.

Sasa Mama, hiki ndicho kilichonifanya niandike. Pasaka tulipokuja ulisema gauti imekukataza nyama, ukawagawia watoto vipande vyako vyote. Nilikutazama. Kwa baba mkwe ninafunga mdomo, lakini wewe umenizaa, kwako nitasema. Hakuna gauti, Mama. Meno yameisha, na unakaa na njaa katikati yetu kwa sababu ya aibu. Usinionee aibu mimi. Nilipokuwa sina hata jino moja, wewe ndiye uliyenitafunia.

Jumamosi nakuja na kidari, na pipa Peniel atalifunga kwenye pikipiki. Tutakula wote. Nisalimie shangazi Rebeka na wote wanaoniulizia hapo nyumbani. Mungu akulinde mpaka tuonane.

Ni mimi mwanao akupendaye,
Damari